Mvua isiponyesha Usangu, kinyozi wa Tandika anafunga

Ukitaja mabadiliko ya tabianchi hapa Dar, watu wanakuonyesha bahari inavyokula ufukwe wa Kunduchi, au mafuriko ya Jangwani. Sawa. Lakini kwa mwenye biashara ndogo Temeke au Kinondoni, mimi naona historia yake ni moja: mgao wa umeme.

Turudi nyuma kidogo, wadau. Mitambo ya Kidatu ilianza kazi mwaka 1975. Mwaka 1980 likajengwa bwawa la Mtera, liwe kama tanki la Kidatu, na lenyewe likaanza kufua umeme mwaka 1988. Kidatu megawati 204, Mtera 80. Maji yanaletwa zaidi na mto Ruaha Mkuu kutoka bonde la Usangu. Ndiyo kusema fundi anayechomelea mageti pale Keko alikuwa anategemea mawingu ya Mbeya, ambako pengine hajawahi kufika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mvua ziligoma, mgao ukaja. Serikali ikahaha, na mwaka 1995 mkataba ukasainiwa na IPTL: mtambo wa mafuta mazito, megawati 100, pale Tegeta. Ulipokamilika mwaka 1998, mvua za El Nino zilishanyesha na mabwawa yamejaa! Ulikuja kuwashwa mwaka 2002, baada ya ugomvi wa gharama. Na mkataba ulitaka TANESCO ilipie mtambo kuwepo tu, uwashwe usiwashwe.

Halafu 2006. Mtera ikashuka hadi karibu na mita 690 juu ya usawa wa bahari, ambayo ndiyo mwisho wa maji kutumika kwenye mitambo. Mgao ukawa wa mchana kutwa. Hapa ndipo wafanyabiashara walipogawanyika. Mwenye kiwanda Barabara ya Pugu aliwasha jenereta na gharama akaipeleka kwenye bei. Kinyozi aliyekuwa na akiba alinunua kijenereta, akawa anahesabu kila kichwa kwa petroli. Mama anayeuza barafu na samaki wa friji hakuwa na pa kuipeleka hasara. Ukikatika asubuhi, mtaji unaoza jioni. Mashine ya kusaga nayo inalala, kodi ya fremu hailali.

Serikali ikakimbilia tena mkataba wa dharura, safari hii Richmond, megawati 100 nyingine. Mvua zikarudi mwishoni mwa 2006, mitambo yote ikiwa bado haijafika. Yaliyofuata tunayajua: Kamati ya Mwakyembe, na Waziri Mkuu Edward Lowassa kujiuzulu Februari 2008. Magazeti yaliandika sana habari za wakubwa. Ya mama wa barafu sikumbuki kuyaona, na hakuna kamati iliyomhoji.

Tusiisingizie mbingu kila kitu, lakini. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kabisa ndani ya hifadhi, wakati wa kiangazi, mwaka 1993, na wataalamu wengi wanataja maji yanayochepushwa kwenda mashamba ya mpunga kule juu. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu, wakaambiwa ng'ombe wao wanaharibu chanzo cha maji. Ukame unaikuta nchi ilivyo, na mikataba yake ilivyo.

Mgao ukaja tena 2011. Mwishoni mwa 2022 ukaja pamoja na mgao wa maji, maana Ruvu nao ulipungua.

Sasa tuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Ni hatua kubwa, sibishi. Ila ni maji tena, na Ruaha Mkuu huohuo unaingia Rufiji kabla ya kufika bwawani, ingawa maji mengi zaidi yanatoka Kilombero. Nimewauliza vinyozi wawili watatu Tandika kama wameshauza vijenereta vyao. Hakuna aliyeuza.