Shahada na Shahidi Wake

Neno shahada lilitufikia kutoka Kiarabu, nalo ni ndugu wa maneno shahidi na ushahidi. Mwenye shahada hushuhudiwa na chuo chake kwamba amesoma na amefuzu. Je, chuo chenyewe hushuhudiwa na nani? Swali hili limewashughulisha jirani zetu wa Uganda na Kenya, pamoja na sisi wa Tanzania, kwa zaidi ya miaka 70, na jibu lake limebadilika mara kadhaa. Nakuomba tulifuatilie kwa mfuatano wa miaka, kwa kuwa hata nafasi ya Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu ilipatikana katikati ya mabishano hayo.

Tuanzie Kampala. Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi. Mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki chini ya mpango maalumu na Chuo Kikuu cha London. Mhitimu wa Makerere wa mwaka 1955 hakupewa shahada ya Makerere. Alipewa ya London, ingawa pengine hakuwahi kuvuka bahari. Wahadhiri wa Kampala waliruhusiwa kupendekeza mabadiliko katika mitaala ili ilingane na mazingira, lakini idhini ilitoka London. Mitihani nayo ilitungwa na kusahihishwa kwa kushirikiana na watahini wa huko.

Ni rahisi leo kuudharau mpango huo, nami sitaki uudharau upesi. Katika utawala uliozoea kuwapa Waafrika elimu ya daraja la chini, mpango wa London ulikuwa kinga. Hakuna mwajiri aliyeweza kusema kwamba shahada ya kijana wa Gulu au wa Machakos ni hafifu kuliko ya kijana wa Kiingereza, kwa maana zilitolewa na chuo kimoja. Wazazi waliouza ng'ombe ili watoto wao wasome walilielewa jambo hilo vizuri kuliko wengi wetu.

Mwaka 1961 chuo cha Nairobi, kilichoanza kwa kufundisha masomo ya ufundi, kiliingia katika mpango huohuo. Tarehe 25 Oktoba mwaka huo, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria, na wanafunzi wasiofika 20. Tarehe 28 Juni 1963 vyuo hivyo vitatu viliungana kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wake. Masomo ya gharama kubwa yaligawanywa: udaktari Makerere, uhandisi na tiba ya mifugo Nairobi, sheria Dar es Salaam. Kwa hiyo wakili wa Kenya wa miaka ile huenda alisomea Mlimani, na mhandisi wa Tanganyika akasomea Nairobi.

Sasa shahada zilitolewa na chuo chetu wenyewe, lakini mtahini wa nje alibaki. Huyu ni mwalimu wa chuo kingine anayealikwa kupitia maswali kabla ya mtihani na kusoma sehemu ya majibu baada yake, kisha akaandika ripoti. Kazi yake ni ya maana hadi leo. Hata hivyo ina mpaka: mtahini hutazama kama wanafunzi wamejibu vyema maswali waliyoulizwa, wala haalikwi kuuliza kama hayo ndiyo waliyostahili kuulizwa. Hapo ndipo tofauti ilipo kati ya kusimamia mtihani na kutathmini programu nzima ya shahada.

Swali hilo la pili liliulizwa kwetu mwaka 1967. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari, na mwezi uliofuata ukaitishwa mkutano Mlimani kujadili nafasi ya chuo katika Tanzania ya kijamaa. Hasira ya mwaka uliotangulia ilikuwa bado mbichi, kwa kuwa Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Serikali ikawafukuza mamia yao. Wengi walijiuliza ni elimu gani iliyowazaa vijana walioonekana kujali mishahara kuliko nchi. Katika mjadala huo liliibuka wazo la somo la pamoja kwa wanafunzi wa fani zote, kuhusu jamii na uchumi wa nchi yao. Baadaye lilikuja kuitwa Taaluma za Maendeleo. Kwa maoni yangu, tathmini ile ilikuwa na kasoro moja: ilisukumwa mno na siasa ya siku, na wanafunzi walihukumiwa kabla ya programu kuchunguzwa.

Kwa sababu hiyo napenda zaidi mfano wa Nairobi, ambako mabadiliko yalidaiwa na walimu wenyewe. Mwaka 1968 kaimu mkuu wa Idara ya Kiingereza aliwasilisha mapendekezo ya maendeleo ya kitivo chake. Lugha na fasihi za Afrika zingepewa nafasi, lakini Kiingereza kingebaki mhimili. Mwezi Oktoba wahadhiri watatu walijibu kwa waraka mfupi: Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong. Hawakuomba idara iongezewe somo moja au mawili, bali walitaka ifutwe.

Angalia hoja yao, kwa maana watu wengi huikumbuka vibaya. Hawakudai fasihi ya Uingereza itupwe. Walihoji kwa nini historia ya fasihi ya taifa moja la ng'ambo ndiyo iwe kitovu cha masomo ya kijana wa Kiafrika, na mengine yote yawe nyongeza. Walipendekeza Afrika iwe katikati, na fasihi za nchi nyingine zisomwe kwa kadiri zinavyohusiana nayo. Fasihi simulizi, ambayo wasomi wengi waliiona kuwa hadithi za bibi jikoni, iwe msingi. Fasihi ya Kiswahili nayo ilitajwa miongoni mwa mizizi ya utamaduni wa sehemu hii ya dunia.

Kumbuka pia kwamba Ngũgĩ alikuwa amehitimu Makerere katika Kiingereza miaka michache tu kabla. Yeye mwenyewe alikuwa zao la programu aliyoikosoa, tena zao ambalo mtahini yeyote angejivunia. Huo ndio uzito wa ushahidi wake: mpango wa zamani haukumshinda, naye bado alisema hautoshi.

Idara ya Fasihi ilizaliwa katika mabishano hayo, ikachukua nafasi ya Idara ya Kiingereza. Mwaka 1974 walimu wa fasihi walikutana Nairobi kujadili mafunzo ya fasihi katika shule za Kenya, na mjadala wa chuo kikuu ukashuka hadi sekondari. Kwetu nako, chuo cha pamoja kilipovunjwa mwaka 1970 na kila nchi ikabaki na chake, Idara ya Kiswahili ilianzishwa Mlimani, na Kiswahili kikafundishwa kwa Kiswahili.

Miaka iliyofuata nitaipitia haraka. Vyuo viliongezeka, vya umma na vya binafsi, na kuanzia miaka ya 1990 Makerere ilipokea wanafunzi wengi wa kujilipia ada. Ushahidi wa kufahamiana haukutosha tena. Kenya iliunda Tume ya Elimu ya Juu mwaka 1985, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na tume mpya mwaka 2012. Uganda ilitunga sheria ya vyuo vikuu mwaka 2001 na kuunda Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Tanzania ilipata Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, mwaka 2005. Kazi yao kubwa ni kutoa ithibati, neno ambalo utaliona lina shina moja na thabiti na thibitisha.

Je, mhuri wa tume unatosha? Waulize wahandisi wa Kenya. Bodi inayosajili wahandisi ilikataa kuzitambua shahada za uhandisi za baadhi ya vyuo, ingawa vyuo hivyo vilianzishwa kwa mujibu wa sheria. Wahitimu zaidi ya 100, waliokwisha kusoma na kufaulu, walijikuta hawawezi kusajiliwa katika kazi waliyoisomea. Walikwenda mahakamani, na kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu. Chuo na bodi walibishana juu ya nani mwenye mamlaka ya kupima, na miaka iliyopotea ilikuwa ya vijana hao.

Ili jambo kama hilo lisijirudie kati ya nchi na nchi, Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, lilianza mwaka 2006 kuandaa miongozo ya pamoja kwa msaada wa shirika la Kijerumani la DAAD. Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Utaratibu wa miongozo hiyo huanza na walimu wa programu kujitathmini kwa maandishi: lengo la shahada ni nini, mtaala unalifikia vipi, wahitimu wako wapi. Kisha huja jopo la wataalamu kutoka nje ya chuo, pengine kutoka nchi jirani, kulinganisha maandishi na hali halisi. Hukagua maktaba na maabara, huzungumza na waajiri, na huomba kukutana na wanafunzi bila walimu wao kuwapo chumbani.

Ukiitwa katika kikao hicho, utaulizwa unachofundishwa, na kama ndicho ulichokuja kukitafuta.