Uzi Si Uzi Tu: Historia ya Kufuma Inavyoweza Kukuokolea Sweta Lako

Leo naanza na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka juzi nilimfumia bibi yangu sweta. Bibi anaishi Makete, mkoani Njombe, na kama umewahi kufika kule mwezi wa saba, unajua baridi yake haina utani. Nilipata maelezo ya kufuma mtandaoni, mtindo mzuri wenye misuko minene kifuani. Maelezo yalitaka uzi wa sufu. Mimi nyumbani nilikuwa na uzi wa pamba, ule ule ambao mama hutumia kufuma vitambaa vya makochi kwa kroshia. Nikajiambia: uzi ni uzi. Nikaunganisha nyuzi tatu pamoja ili upate unene, nikafuma kila jioni kwa miezi miwili.

Siku ya kwanza lilimkaa bibi vizuri. Baada ya kufuliwa mara mbili lilikuwa linakaribia magoti, na mikono imemeza viganja vyote. Akaniangalia bila hata kucheka, akauliza, "Mjukuu wangu, hii ni sweta au kanzu?"

Miezi miwili hiyo! Kwa kuwa kazi yangu ni utafiti, nilifanya ambacho watafiti hufanya wakishindwa: nilikwenda kusoma. Nilichokuta ni kwamba kosa langu lina historia ndefu, na ukiijua historia hiyo, kuchagua uzi na mtindo kunakuwa rahisi zaidi. Twende pamoja.

Soksi za Misri

Vipande vya kale kabisa tulivyonavyo vya ufumaji wa sindano mbili au zaidi vimetoka Misri, hasa Fustat, mji uliokuja kumezwa na Kairo. Ni mabaki ya soksi za takribani karne ya 11 hadi ya 14, nyingi zikiwa za rangi ya buluu na nyeupe. (Kuna soksi za Misri zilizo za kale zaidi, nyekundu, zenye nafasi ya kidole gumba ili zivaliwe na ndala, lakini hizo zilitengenezwa kwa sindano moja yenye tundu, mbinu nyingine kabisa.)

Sasa, hizo soksi za Fustat zilifumwa kwa uzi gani? Pamba.

Niliposoma hapo nilikaribia kufunga kitabu. Kama Wamisri walifuma kwa pamba na kazi yao ikadumu karne nyingi, mbona yangu imekufa baada ya kufuliwa mara mbili? Jibu liko kwenye ukubwa wa vitanzi. Zile soksi zilifumwa kwa uzi mwembamba na vitanzi vidogo vilivyobanana. Soksi ni nguo ndogo, haina uzito wa kujivuta yenyewe, na mguu unaishikilia pande zote. Sweta langu lilikuwa na nyuzi tatu nene, vitanzi vikubwa vilivyolegea, na misuko ambayo inakula uzi mwingi. Uzito wote huo ulikuwa unaning'inia kwenye mabega mawili ya bibi.

Kwa hiyo pamba haina kosa. Kosa ni kuipa kazi isiyo yake.

Sufu ina siri gani?

Hapa tuweke sayansi kidogo. Kitambaa kilichofumwa kwa sindano ni mstari mmoja mrefu wa uzi uliopindwa kuwa vitanzi, kila kimoja kimepita ndani ya mwenzake. Ukikivuta, vitanzi vinabadilika umbo, vinakuwa virefu na vyembamba. Ndiyo maana sweta linavutika hata kama uzi wenyewe hauvutiki. Swali muhimu ni hili: ukiliachia, nini kinavirudisha vitanzi mahali pake?

Kwa sufu, jibu ni unyoya wenyewe. Sufu imeundwa kwa keratini, protini ya jamii moja na ile ya nywele na kucha zako. Unyoya wa kondoo umejikunja kama springi ndogo, na ukiwa mkavu unaweza kuvutwa kwa takribani asilimia 30 ya urefu wake kabla haujakatika. Pamba ni selulosi, na kwa kawaida haivuki asilimia 10. Tena pamba ni nzito kuliko sufu kwa ujazo ule ule. Ikilowa inaongezeka uzito, vitanzi vinashuka, na hakuna springi ya kuvipandisha.

Unyoya wa sufu pia una magamba madogo, yamepangana kama vigae vya paa. Magamba hayo yanafanya nyuzi zishikane, na ndiyo sababu sufu ikifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa inasinyaa na kuwa ngumu kama jamvi. Kitu kile kile kinachokusaidia ndicho kinachoweza kukuharibia.

Na kuhusu kuwasha? Wengi tunasema sufu inawasha, basi. Ukweli ni kwamba kinachochoma ngozi ni unene wa unyoya. Nyoya zinazozidi takribani mikromita 30 ni ngumu kiasi cha kuchoma. Sufu ya kondoo wa merino iko chini ya hapo, na wengi huivaa hata shingoni bila kujikuna.

Shetland: pale uzi ulipouchagua mtindo

Kaskazini kabisa mwa Uskoti kuna visiwa vya Shetland. Kondoo wa kule ni wadogo, na sufu yao, hasa ya shingoni, ni laini sana. Zamani haikukatwa kwa mkasi. Ilinyofolewa kwa mkono wakati kondoo anapopukutisha manyoya. Katika karne ya 19 wanawake wa huko, hasa wa kisiwa cha Unst, walisokota uzi mwembamba ajabu na kufuma mitandio yenye matundu ya urembo, myepesi kiasi kwamba mtandio mzima ungeweza kupitishwa ndani ya pete ya ndoa.

Kusini kidogo, kisiwa cha Fair kikajulikana kwa mtindo mwingine: mistari ya rangi nyingi, lakini kila mstari ukitumia rangi mbili tu. Rangi ambayo haitumiki inapita nyuma ya kitambaa, kwa hiyo sweta linakuwa na unene mara mbili. Kwa mvuvi wa bahari ya kaskazini hilo si urembo tu, ni joto. Na kwa kuwa sufu ina magamba, nyuzi za nyuma zinashikana na kitambaa hakifumuki hovyo. Jaribu mtindo huo kwa uzi unaoteleza uone.

Kuna hadithi kwamba michoro hiyo ililetwa na mabaharia wa Hispania ambao meli yao, El Gran Grifón, ilivunjika pale mwaka 1588. Meli kweli ilivunjika pale. Kwamba mabaharia walifundisha kufuma, hakuna ushahidi.

Hali ni hiyo hiyo kwa misuko ya visiwa vya Aran, Ireland, ambayo ndiyo niliyomfumia bibi. Utasikia kwamba kila ukoo ulikuwa na msuko wake ili mvuvi akizama atambuliwe. Masweta yale ni ya mwanzoni mwa karne ya 20, na chanzo kimojawapo cha hadithi ni tamthilia ya J. M. Synge ya mwaka 1904, ambamo mtu aliyezama anatambuliwa kwa soksi yake, kwa kuhesabiwa vitanzi. Biashara ya baadaye ikaikuza. Kwa hiyo usiogope: fuma msuko unaoupenda, hakuna ukoo utakaokudai.

Waliolipwa chai

Lakini kuna jambo la Shetland ambalo halimo kwenye picha nzuri za mitandio, na ndilo lililonigusa zaidi.

Mwaka 1872 serikali ya Uingereza ilifanya uchunguzi kuhusu malipo visiwani humo. Wanawake wengi walifika kutoa ushahidi. Ilibainika kwamba wafumaji kwa kawaida hawakulipwa pesa. Mfanyabiashara alipokea mtandio, kisha akalipa kwa bidhaa za dukani kwake, hasa chai na vitambaa. Chai huwezi kula ukashiba, wala huwezi kulipia kodi ya nyumba. Baadhi yao walilazimika kuzunguka na chai hiyo kuibadilisha kwa unga.

Picha za zama hizo zinaonyesha wanawake wakitembea wamebeba vikapu vya kuni za udongo mgongoni, na mikononi wanafuma. Sisi picha hiyo si ngeni. Kuna kina mama wa Ukambani ambao wamesokota na kusuka vyondo njiani, mzigo ukiwa mgongoni, na wa pwani wanaosuka ukili huku wanapiga soga. Mikono haikupewa likizo.

Ninachotaka ukione ni hiki: leo wewe unasimama dukani unajiuliza, rangi gani inanipendeza? Mtindo gani utanistarehesha? Kwa mwanamke wa Shetland mwaka 1872, aliyechagua mara nyingi alikuwa soko. Kuchagua kwa raha ni jambo jipya, na halijamfikia kila mtu.

Nani aliyaandika maelezo?

Kwa karne nyingi mtindo ulikaa kichwani na mikononi, mtu akifundishwa na mama au shangazi. Vitabu vya maelezo vilienea Uingereza na Uskoti katika miaka ya 1840. Mmoja wa waanzilishi ni Jane Gaugain wa Edinburgh, ambaye kitabu chake cha mwaka 1840 kilitumia vifupisho alivyovibuni mwenyewe. Na kazi yake nyingine? Alikuwa na duka la nyuzi.

Umeona ujanja? Karne ya 20 kampuni za nyuzi zilichapisha maelezo kwa wingi, kila karatasi ikitaja uzi wa kampuni hiyo. Kwa hiyo maelezo yakikuambia "tumia uzi huu tu", ndani yake mna mambo mawili: ushauri wa kweli kuhusu unene na aina ya uzi, na tangazo la biashara. Jina la kampuni unaweza kulipuuza. Aina ya uzi na kipimo cha vitanzi usivipuuze. Mimi nilivipuuza vyote, nikapata kanzu.

Aliyewakomboa wengi hapa ni Elizabeth Zimmermann (1910–1999), Mwingereza aliyehamia Marekani. Yeye alifundisha hesabu badala ya utii. Fuma kipande kidogo, hesabu vitanzi kwa inchi moja, zidisha kwa mzunguko wa kifua. Idadi hiyo ndiyo asilimia 100, na sehemu nyingine zinatokana nayo.

Mfano: una vitanzi 5 kwa inchi, na kifua cha sweta ni inchi 40. Hivyo 5 × 40 = vitanzi 200. Kiwiko cha mkono, pale kwenye kiganja, ni asilimia 20, yaani vitanzi 40. Shingo ni asilimia 40, yaani vitanzi 80.

Sasa tuseme hukupima, na kumbe mkono wako unatoa vitanzi 4.5 kwa inchi. Vitanzi 200 gawanya kwa 4.5 ni zaidi ya inchi 44. Nusu kitanzi tu, na sweta limezidi kwa inchi 4 na kitu!

Kabla hujafungua pochi

Kwanza, jiulize nguo itafanya kazi gani. Inabeba uzito wake? Itafuliwa mara ngapi, na nani atafua? Kwa mtoto mchanga, uzi wa akriliki au sufu iliyotibiwa isisinyae utamwokoa mama yake. Kwa sweta zito la baridi, tafuta sufu au mchanganyiko wenye sufu. Pamba iwe ya nguo nyepesi, vitanzi vibanane.

Pili, acha uzi na mtindo vikubaliane. Misuko inataka uzi wa rangi moja iliyopauka, la sivyo haionekani. Uzi wenye rangi nyingi unataka mtindo mtulivu.

Tatu, fuma kipande cha majaribio cha kama inchi 6 kwa 6, kifue, kikaushe, ndipo upime. Najua unataka kuanza leo. Hata mimi nilitaka.

Mwaka huu nilimfumia bibi sweta la pili, la sufu, bila misuko mingi. Nilifua kipande cha majaribio mara mbili. Nilipompelekea akauliza limegharimu kiasi gani. Nikamtajia bei ya uzi. Akatikisa kichwa: "Uzi nimesikia. Mikono je?"

Sikuwa na jibu. Siku nyingine ukisimama mbele ya mama anayeuza vitambaa vya kroshia, ukataka kusema "mbona ghali", mkumbuke yule aliyelipwa chai. Halafu hesabu vitanzi kwanza.