Shimoni ilipopokea kauli mbili za korona

Saa moja jioni ya tarehe 8 Aprili 2020, Kaunti ya Kwale ilifungwa kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta, sawia na Mombasa na Kilifi. Hakuna kuingia, hakuna kutoka. Kafyu ilikuwa imeanza tangu tarehe 27 Machi, siku ambayo polisi waliwarushia vitoa machozi na kuwapiga virungu watu waliosongamana Likoni wakingoja feri ili wawahi nyumbani. Huko Shimoni, pwani ya kaunti hiyo, boti za kupeleka watalii visiwa vya Wasini na Kisite zilitia nanga, mama karanga wanaokaanga samaki wakakosa wateja wa jioni, na Ramadhani iliyoingia mwishoni mwa mwezi huo ikapita bila tarawehe msikitini.

Ng'ambo ya maji mambo yalikuwa mengine. Tanzania ilifunga shule, lakini Rais John Magufuli alikataa kufunga misikiti na makanisa. Tarehe 29 Aprili serikali yake ilitoa hesabu ya mwisho, wagonjwa 509 na vifo 21, kisha ikanyamaza. Mwezi Mei rais alivitilia shaka vipimo vya maabara ya taifa, akisema hata papai na mbuzi wamekutwa na ugonjwa. Juni akatangaza kuwa maombi yameuondoa nchini.

Kwa msomaji wa Nairobi hizo zilikuwa habari za nchi jirani. Kwa Shimoni zilikuwa habari za nyumbani. Wadigo, Wavumba na Wasegeju wana jamaa zao upande wa Tanga. Wavuvi wa Pemba wamekuwa wakija dago, yaani kupiga kambi za uvuvi, pwani hii kwa vizazi, na wengi wao wameoa, wamezaa na wamezikana hapa hapa. Habari ya Wete au ya Moa hufika na mtu kabla haijafika na gazeti.

Ndiyo maana ubishi wa barazani ulikwenda mbali zaidi ya kuuliza kama korona ipo au haipo. Serikali mbili zinazotazama bahari moja zilikuwa zimesema maneno yanayopingana, na lazima mojawapo ilikuwa inakosea. Ni ipi? Naliona swali hilo kuwa la haki kabisa. Anayelidharau hajawahi kuishi mahali ambapo shangazi yake anatawaliwa na rais mwingine.

Na mwambao huu ulishapata mtu aliyeyachukulia maneno ya wasafiri kwa uzito. James Christie alikuwa daktari Unguja kipindupindu kilipoingia mwishoni mwa 1869. Wengi wangetarajia kwamba ugonjwa umeletwa na vyombo kutoka India au Arabuni. Christie akaulizia waliotoka baharini na waliotoka bara, akaunganisha kauli zao, akabaini kwamba ugonjwa ulishuka kupitia nchi ya Wamaasai hadi Pangani, ndipo ukavuka kuingia kisiwani. Kitabu alichokichapisha mwaka 1876 bado kinasomwa na wanahistoria wa tiba, na sehemu kubwa ya ushahidi wake ni mazungumzo na watu wa misafara.

Ndui nayo ina kisa chake, na kisa hicho kilimalizikia kwenye pwani hii hii, kaskazini zaidi. Mgonjwa wa mwisho duniani kuambukizwa ndui katika maisha ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Marka, Somalia, Oktoba 1977. Alikuwa amewasindikiza wagonjwa wa ndui garini, akimwonyesha dereva njia ya kambi walikotengwa. Alifanya kazi hospitalini, chanjo iko mkononi mwa wenzake, naye alikuwa ameikwepa kwa kuogopa maumivu ya sindano. Alipona. Miaka mingi baadaye aliingia katika kampeni ya chanjo ya polio, akiwapitia wazazi wenye wasiwasi na kuwaeleza hofu yake mwenyewe ilivyomponza. Alifariki 2013, angali katika kazi hiyo. Wazee wa Kwale wenye kovu la chanjo ya ndui begani ni wa zama hizo, na wajukuu wao hawajawahi kuuona ugonjwa wenyewe.

Lakini kumbukumbu nyingine zilikuwa mbichi zaidi. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai kuwa chanjo ya pepopunda waliyopewa wanawake ilikuwa na homoni ya kuharibu uzazi. Serikali na Shirika la Afya Duniani walikanusha. Kanusho halikwenda mbali kama dai lenyewe, na dai hilo likarudi midomoni mara tu chanjo ya korona ilipotajwa.

Kilichogeuza mazungumzo ya upande huu, kwa maoni yangu, kilikuwa msiba. Mwisho wa Januari 2021, siku chache baada ya Magufuli kuzitilia shaka chanjo za kigeni hadharani akiwa Chato, chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza kuwa Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ana korona. Tarehe 17 Februari akafariki katika hospitali ya Muhimbili. Maalim alikuwa mzaliwa wa Mtambwe, Pemba. Kwa Wapemba wa Shimoni na Vanga huyu alikuwa mtu wao, na chama chake kilikuwa kimeutaja ugonjwa kwa jina lake. Hakuna tangazo la wizara lililoweza kufanya kazi hiyo.

Mwezi huo huo wasafiri watatu kutoka Tanzania walipimwa walipotua Luanda, Angola. Wanasayansi walipokichunguza kirusi walichokuwa nacho walikuta mabadiliko mengi kuliko aina yoyote iliyokuwa imeonekana hadi wakati huo. Nchi ilikuwa imeacha kuhesabu, na virusi vyake vikahesabiwa ugenini. Upande wa Kenya, watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI huko Kilifi walikuwa wameshagundua aina nyingine iliyoonekana kwanza Taita Taveta.

Chanjo ya AstraZeneca ilifika Nairobi Machi 2021, dozi zaidi ya milioni moja. Katikati ya mwezi Ujerumani na Ufaransa zikaisimamisha kwa muda kwa hofu ya damu kuganda, kisha India ikazuia kuuza nje, na waliodungwa mara ya kwanza wakasubiri ya pili. Kuna jambo moja ambalo wazee walilikumbuka vizuri. Misikiti ilipofunguliwa Julai 2020, wenye zaidi ya miaka 58 walikatazwa kuingia. Chanjo ilipofika, hao hao wa miaka 58 ndio walioitwa mapema. Sababu ya kitabibu ilikuwa moja katika yote mawili, yaani umri huo ndio uliokuwa hatarini. Mzee aliyezuiwa mlangoni kisha akaitiwa sindano alistahili kuelezwa hivyo, kwa upole na kwa lugha yake.

Tanzania nayo iligeuka. Rais Samia Suluhu Hassan, Mzanzibari aliyemrithi Magufuli, alichanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021. Kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze, Shimoni ilisikia kauli moja kutoka pande zote mbili za maji. Serikali ya Kenya ingeweza kuitumia nafasi hiyo kwa mazungumzo. Badala yake, Novemba ilitangaza kuwa asiyechanjwa kufikia tarehe 21 Desemba atanyimwa huduma za umma, agizo ambalo Mahakama Kuu ililisimamisha kabla halijaanza.

Agizo hilo liliwagonga kwa namna ya pekee Wapemba wa Kwale. Aliyekwenda kuchanjwa aliulizwa namba ya kitambulisho, na wengi wao, hata waliozaliwa Kenya na wazazi waliozaliwa Kenya, hawakuwa na kitambulisho chochote. Walitishiwa kunyimwa huduma ambazo tayari walikuwa hawazipati. Kenya iliwatambua kuwa raia mwaka 2023, barakoa zikiwa zimeshavuliwa tangu Machi ya mwaka uliotangulia.