Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mara nyingi twaitamka methali hii kwa mzaha, kuku anapochinjwa kwa ajili ya mgeni na watoto wa nyumbani wakapata nyama. Leo twataka kumkumbuka mgeni ambaye kwake maneno hayo yalitimia kabisa.

Albert Sabin alizaliwa mwaka wa 1906 katika mji wa Białystok, uliotawaliwa siku hizo na Urusi, na ambao leo ni mji wa Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na Wayahudi wa huko walionewa na hata kuuawa. Mwaka wa 1921 jamaa hiyo ilivuka bahari ikafika Paterson, katika jimbo la New Jersey, Marekani. Mwaka huo huo Marekani ilitunga sheria ya kupunguza wageni, na mwaka wa 1924 ikaikaza zaidi. Mlango ulikuwa ukifungwa, lakini kijana huyu alikuwa amekwisha kuingia.

Ndugu mmoja wa ukoo wao, daktari wa meno, alijitolea kumlipia karo, mradi asomee kazi hiyo hiyo. Albert alianza, kisha moyo wake ukavutwa na elimu ya vijidudu vya maradhi. Akaacha meno, na msaada ukakatika. Alisoma huku akifanya kazi, hata akawa daktari mwaka wa 1931. Mwaka huo ugonjwa wa polio ulizuka New York.

Polio twaijua. Virusi vyake huingia kinywani, hukaa matumboni, na kwa watu wachache hufika katika uti wa mgongo na kuharibu neva zinazoongoza misuli. Wengi wetu tulikua na jirani aliyetembea kwa magongo, mguu wake mmoja umenyauka.

Mwaka wa 1955 Marekani ilipata chanjo ya sindano ya Daktari Jonas Salk, iliyotengenezwa kwa virusi vilivyouawa. Sabin alishika njia nyingine. Alidhoofisha virusi hai, ili vimezwe na kuweka kinga pale pale matumboni. Aliimeza chanjo hiyo mwenyewe, akampa na mkewe na binti zao wawili. Mwaka wa 1959, Marekani na Urusi zikiwa bado mahasimu, Daktari Mikhail Chumakov wa Moscow aliitumia mbegu ya Sabin kuwachanja mamilioni ya watoto. Marekani yenyewe ilianza kuiidhinisha mwaka wa 1961. Naye Sabin hakuandikisha haki ya kuimiliki chanjo hiyo, wala hakudai malipo kwa kila tone.

Hakuwa malaika. Ulimi wake ulikuwa mkali, na alishindana na Salk kwa uchungu miaka mingi. Wala chanjo yake haikukosa kasoro, maana kwa nadra virusi vilivyodhoofishwa hurudia nguvu. Ndiyo sababu hapa Kenya mtoto hupewa matone na sindano pia. Kazi ya wale washindani wawili hukutana katika mtoto mmoja mapajani mwa mamaye.

Sabin alifariki mwaka wa 1993. Mwezi wa Agosti 2020, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kanda yake ya Afrika imeondokana na polio ya asili.

Wapendwa, waliompokea kijana yule mwaka wa 1921 hawakujua atakuwa nani. Walimwona mtoto wa wakimbizi tu, ambaye Kiingereza kilikuwa kigeni kwake. Watoto kama yeye wako Kakuma na Dadaab, na wengine wamepanga chumba karibu nasi. Nasi hatutajua watakuwa nani. Basi tusiwapokee kwa kupiga hesabu ya faida. Tuwapokee kwa kuwa wamebisha hodi.

Mungu atufungulie mioyo. Kwaherini.