Metali kwa Sikio la Oldonyiro

Oldonyiro, magharibi mwa Kaunti ya Isiolo, sauti nzito ya kooni si ugeni. Morani wa Kisamburu huimba bila ngoma: mwimbishaji hutangulia, wenzake humjibu kwa mkoromo unaopanda kutoka kifuani, wote kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema hevi metali ni kelele ya Wazungu isiyoweza kuota huku. Sikio limekwisha kufundwa. Kinachotakiwa ni albamu za kuanzia.

Ningeanza na albamu ya kwanza ya Black Sabbath, ya mwaka 1970. Vijana wanne wa Aston, mtaa wa viwanda mjini Birmingham, Uingereza, waliirekodi karibu yote kwa siku moja. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani akiwa na umri wa miaka 17. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki, akatafuta nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza zisimuumize; sauti ikashuka, ikawa nzito kupita zote zilizoitangulia. Uzito huo unasikika vyema zaidi katika Master of Reality ya 1971, na humo ndimo ilimochimbuka dumu metali, tawi la mwendo wa pole na huzuni. Anayelipenda tawi hilo aitafute Epicus Doomicus Metallicus ya kundi la Candlemass la Sweden, 1986.

Pwani yetu nayo imo katika historia hii. Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, aliimba na kundi la Queen wimbo wa Stone Cold Crazy katika albamu ya Sheer Heart Attack, 1974. Kasi yake ilitangulia thrashi metali, tawi la mwendo wa kasi, kwa miaka mingi. Metallica waliurudia mwaka 1990, wakapata nao tuzo ya Grammy. Ukitoka hapo, Master of Puppets ya Metallica, 1986, itakuonyesha thrashi iliyokomaa, na Scream Bloody Gore ya kundi la Death, 1987, itakupeleka kwenye dethi metali, ambako mwimbaji hunguruma badala ya kuimba. Mwaka huohuo, pande zilezile za Birmingham, Napalm Death walitoa Scum, na graindikoo ikapata msingi wake: nyimbo fupi mno, ngoma za kasi isiyopumua.

Lakini albamu ninayoithamini kuliko hizo ni Roots ya Sepultura, 1996. Wabrazili hawa walikwenda kurekodi pamoja na watu wa jamii ya Xavante kijijini kwao, na sauti za wenyeji zikaingia katika metali bila kufunikwa na gitaa. Botswana pia imefanya yake. Overthrust, kundi la dethi metali, linatoka Ghanzi, nchi ya ranchi za ng'ombe, na mashabiki wa huko huvaa ngozi nyeusi na kofia za wachunga ng'ombe. Mfugaji wa Oldonyiro angewatambua mara moja.

Kenya ilichukua njia yake. Martin Khanja na Sam Karugu walitoka katika makundi ya metali ya Nairobi, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura, wakaunda Duma. Albamu yao yenye jina hilohilo ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni graindikoo iliyochanganywa na midundo ya mashine na kelele za umeme. Si ya kusikiliza kwanza. Masikio yasiyozoea yatachoka. Mwaka 2024 Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa The Adept, akaitoa kwa heshima ya nyanya mkuu wake, Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefikia cheo cha Fildi Mashali katika Mau Mau, aliyefariki mwaka 2023. Hapo hasira ya muziki huu imepata historia ya kuibeba, nami naihesabu kuwa albamu muhimu kuliko zote za metali zilizotoka kwetu.

Mtayarishaji wa Nairobi anayetafuta hatua inayofuata ana sababu ya kufunga safari hadi Oldonyiro. Awaombe wazee ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti, awalipe waimbaji haki yao, na aandike jina la kila mmoja wao kwenye jalada.