Kuosha Gari na Uhai wa Rangi Yake

Rangi ya gari haipulizwi mkono mmoja. Juu ya bati hutangulia praima, ikafuata rangi yenyewe, kisha vanishi angavu inayolipa gari mng'ao. Kwa gari lenye rangi ya kiwandani, matabaka hayo yote kwa pamoja huwa na unene wa takriban mikroni 100 hadi 150, yaani zaidi kidogo tu ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Vanishi peke yake ni kama mikroni 40 hadi 50, nyembamba kuliko unywele. Hiyo ndiyo ngao dhidi ya jua, mvua na uchafu, na ikishalika hairudi bila fundi rangi.

Gari linalotembea kila siku mjini na kulala chini ya paa hutosheka kuoshwa mara moja kila wiki mbili. Pwani mambo ni mengine. Mtu anayeishi Kigamboni, Nyali au Forodhani anaegesha gari kwenye upepo wenye chumvi, hasa kusi inapovuma na bahari kuchafuka. Chumvi hunyonya unyevu wa hewa na kubaki mbichi juu ya bodi. Ikipata mkwaruzo uliofika kwenye bati, kutu huanzia hapo na kutambaa chini ya rangi, hadi siku rangi inapovimba malengelenge na kubanduka. Huko gari lioshwe kila wiki, na maji yapigwe pia uvunguni na ndani ya matao ya magurudumu. Wengi huosha panapoonekana tu, ilhali kutu hupenda pasipoonekana.

Kinyesi cha ndege hakingoji ratiba. Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa zimejaa kunguru, na kivuli cha mti kinachotafutwa na dereva ndicho hichohicho wanachokaa wao. Bati la gari jeusi lililoanikwa juani laweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Vanishi hulainika, kinyesi hukauka na kujikunyata juu yake, na gari likipoa alama hubaki imechongeka. Kilowekwe kwa maji na kiondolewe taratibu siku hiyohiyo. Utomvu wa mwembe nao usiachwe ukakauka.

Kuosha vibaya, hata hivyo, huharibu kuliko kuchelewa kuosha. Kosa kubwa ni kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu kila asubuhi: vumbi lina chembe za mchanga, na kila mfuto huchora mikwaruzo midogo ya mviringo inayoonekana wazi jua likipiga. Kwanza mchanga uondolewe kwa maji mengi. Shampuu ya magari iwe kwenye ndoo moja, maji ya kusuuzia sponji kwenye nyingine, na kazi ianzie juu kushuka chini. Sabuni ya unga huondoa nta inayoilinda vanishi, kwa hiyo ibaki kwenye nguo. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo ni ya kawaida pwani, yasiachwe yakaukie juani. Suuza mwisho kwa maji baridi na ukaushe gari kivulini.

Penye maji haba, ni afadhali kuosha mara moja kwa wiki mbili kwa ndoo mbili kamili kuliko kupangusa kila siku kwa dasta ileile chafu.