Ununuzi kwa mkopo jijini Dar es Salaam

Ununuzi kwa mkopo jijini Dar es Salaam ni desturi ya wakazi wa jiji hilo la Tanzania kupata mahitaji ya kila siku, kama vile unga, sukari, mkaa, umeme na nauli, kwa ahadi ya kulipa baadaye. Katika nchi kama Marekani na Uingereza mahitaji ya namna hiyo mara nyingi hulipiwa kwa kadi ya mkopo. Katika maeneo ya pembeni ya Dar es Salaam, kama Mbagala na Chamazi (Manispaa ya Temeke) au Tegeta na Bunju (Manispaa ya Kinondoni), kazi hiyo hufanywa zaidi na daftari la muuza duka na simu ya mkononi.

Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na wakazi 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022. Wengi wao hupata riziki kwa siku au kwa wiki: wachuuzi, mafundi, vibarua, mama ntilie na madereva wa bodaboda.

Kadi ya mkopo

Kadi ya mkopo ni tofauti na kadi ya kawaida ya benki. Mwenye kadi ya kawaida hutumia fedha zake zilizomo kwenye akaunti. Mwenye kadi ya mkopo hutumia fedha za benki hadi kikomo alichowekewa, kisha hulipa baada ya kupokea hesabu ya mwezi. Akilipa deni lote kabla ya tarehe ya mwisho, kwa kawaida hatozwi riba kwa manunuzi yake. Akilipa sehemu tu, salio linalobaki huanza kuzaa riba.

Kadi za aina hii zilianza Marekani. Diners Club ilianzishwa mwaka 1950 kwa ajili ya malipo ya mikahawani. Mwaka 1958 Bank of America ilitoa kadi ya BankAmericard huko California, ambayo mwaka 1976 ilibadilishwa jina kuwa Visa.

Wanaotumia kadi ya mkopo kwa manunuzi ya kila siku huwa na sababu kadhaa: kungoja mshahara wa mwisho wa mwezi bila kukosa mahitaji, kutotembea na fedha taslimu, kupata pointi au punguzo, kuwa na orodha ya matumizi yote mahali pamoja, na kujenga sifa ya mlipaji mwema.

Nchini Tanzania kadi za mkopo hutolewa na baadhi ya benki, zikiwemo CRDB na NMB. Hutumika zaidi hotelini, katika maduka makubwa, safarini na katika manunuzi ya mtandaoni. Hazijaenea katika mitaa ya pembeni kwa sababu zifuatazo:

• Benki hutaka uthibitisho wa kipato, kwa mfano mshahara unaopitia kwenye akaunti, au dhamana. Anayeishi kwa deiwaka hana karatasi ya kuonyesha.
• Maduka mengi ya mtaani hayana mashine ya kupokea kadi.
• Muuzaji anayepokea kadi hukatwa asilimia fulani ya mauzo. Faida ya robo kilo ya sukari ni ndogo mno kubeba makato hayo.

Daftari la dukani

Mkopo wa zamani zaidi mtaani ni ule wa duka. Muuza duka, ambaye Dar es Salaam huitwa kwa utani "Mangi" kwa kuwa wengi wa wauza duka wametoka Kilimanjaro, huandika jina la mteja, bidhaa na kiasi katika daftari. Jina hilo ni cheo cha machifu wa Wachaga. Mteja hulipa akipata fedha, nusunusu au zote kwa pamoja.

Mkopo huu hauna riba wala fomu. Dhamana yake ni kufahamiana: muuzaji anajua mteja anaishi nyumba gani, anafanya kazi wapi na hulipwa lini. Kwa Waislamu wanaojiepusha na riba, hili ni jambo la maana. Hata hivyo mkopo huo una gharama iliyofichika. Anayedaiwa hawezi kwenda kununua duka la pili penye bei nafuu bila Mangi kujua, na aliyehamia mtaani karibuni hakopeshwi hadi azoeleke. Kwa upande wake, muuza duka mwenye wadaiwa wengi hukosa mtaji wa kurudi Kariakoo kununua mzigo. Ndiyo maana baadhi hubandika ukutani tangazo la kukataa kukopesha.

Mkopo huu huenda sambamba na desturi ya kununua kwa kipimo kidogo: mafuta ya kupima, sukari robo, mkaa wa kopo. Anayenunua hivyo hulipa zaidi kwa kila kilo au lita kuliko anayenunua mfuko mzima au dumu, lakini hahitaji kuwa na fedha nyingi kwa mara moja.

Mkopo wa simu

Huduma ya M-Pesa ilianza nchini Tanzania mwaka 2008, ikafuatwa na huduma za kampuni nyingine za simu. Mwaka 2014 Vodacom na Commercial Bank of Africa zilianzisha M-Pawa, iliyomwezesha mteja kuweka akiba na kukopa kwa simu bila kufika benki. Kampuni nyingine za simu nazo zilileta mikopo yao, kama Timiza ya Airtel na Nivushe ya Tigo.

Iliyo karibu zaidi na kadi ya mkopo ni Songesha ya Vodacom. Salio la mteja lisipotosha, huduma hiyo hujazia kiasi kilichopungua ili muamala ukamilike, na deni hukatwa fedha zinapoingia. Huko Kenya, Fuliza ya Safaricom hufanya kazi kwa njia hiyo tangu mwaka 2019. Kama ilivyo kwa kadi, mkopo hupatikana palepale mtu anapolipa, bila kuomba upya kila mara. Tofauti ni kwamba mwenye kadi hupewa muda usio na riba, ilhali mkopo wa simu kwa kawaida hutozwa ada tangu mwanzo.

Kikomo cha mkopo hupangwa kwa kuangalia mwenendo wa mteja: muda aliotumia laini, miamala yake na jinsi alivyolipa mikopo iliyopita. Kwa njia hiyo mchuuzi asiye na karatasi ya mshahara hupata historia inayoweza kusomwa na mkopeshaji.

Sababu za kukopa kwa matumizi ya kila siku

Kipato na matumizi haviendi pamoja. Dereva wa bodaboda hulazimika kupeleka hesabu kwa mwenye pikipiki hata siku ya mvua kubwa yenye abiria wachache. Kodi ya chumba mara nyingi hudaiwa kwa miezi mitatu, sita au mwaka kwa mkupuo, na akiba yote huishia hapo.

Umeme wa LUKU, yaani "Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo", hulipiwa kabla. Uniti zikiisha usiku, nyumba huwa gizani hadi mtu anunue nyingine, na mkopo wa simu hupatikana saa hiyohiyo.

Sababu nyingine ni staha. Kumwomba ndugu au jirani huleta maswali, na deni lake huweza kuharibu uhusiano. Simu haiulizi fedha ni za nini. Pia wapo wanaokopa na kulipa viasi vidogo ili tu kikomo chao kiongezeke, kwa tahadhari ya siku ya ugonjwa au msiba.

Gharama

Ada ya mkopo mdogo wa muda mfupi huonekana ndogo kwa sababu hutajwa kwa shilingi. Kwa mfano, mtu akikopa shilingi 10,000 kwa wiki moja kwa ada ya shilingi 1,000, amelipa asilimia 10 kwa siku saba. Akirudia kila wiki kwa mwaka mzima, atakuwa amelipa ada ya shilingi 52,000, zaidi ya mara tano ya fedha aliyokuwa nayo mkononi kwa wakati wowote. Kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, mkopo uleule ungegharimu shilingi 350 kwa mwezi, au 4,200 kwa mwaka.

Utafiti wa taasisi ya CGAP uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 56 ya waliowahi kukopa kwa simu nchini Tanzania walisema wamewahi kuchelewa kulipa, na asilimia 31 walisema wamewahi kushindwa kulipa. Matumizi ya kawaida ya nyumbani yalikuwa miongoni mwa sababu kuu za kukopa.

Sheria na usimamizi

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne. Wakopeshaji wasiopokea amana wako daraja la pili na hutakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, ambayo imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa daraja hilo. Vyama vya ushirika wa akiba na mikopo viko daraja la tatu, na vikundi vya kijamii kama VICOBA daraja la nne.

Nje ya utaratibu huo iko mikopo inayoitwa "kausha damu", yenye riba kubwa na marejesho ya kila siku au kila wiki. Baadhi ya wakopeshaji hao huchukua kadi ya benki ya mkopaji pamoja na namba yake ya siri. Hapo kadi hugeuka kuwa rehani, na mshahara hutolewa kabla mwenyewe hajauona.

Programu za simu za kukopesha nazo zimelalamikiwa kwa kutuma ujumbe wa kumwaibisha mdaiwa kwa watu waliomo kwenye simu yake. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba mwaka huo ikatangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 pia inalinda taarifa za mkopaji.

Njia mbadala

Wakazi wengi huchanganya mikopo na akiba ya pamoja. Katika upatu, wanachama huchanga kiasi sawa kila siku au wiki na kupokezana fungu zima kwa zamu. Katika kikoba, wanachama hununua hisa, hukopeshana, na mwisho wa mzunguko hugawana faida. Riba inayolipwa kikobani hurudi kwa wanachama wenyewe. Lakini zamu ya upatu haisogei kwa sababu umeme umekatika, na kikoba hukutana kwa siku maalumu. Ndiyo maana hata mwanachama wa vikundi hivyo huendelea kuwa na jina katika daftari la Mangi.